Msimu wa Nyumba Marekani: Jiandae Kabla Theluji Haijayeyuka

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Juni, mitaa ya Marekani hujaa vibao vya nyumba zinazouzwa. Wazazi wanataka kuhama shule zikishafungwa, kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza Agosti au Septemba. Jua linachelewa kuzama, kwa hiyo anayetoka kazini jioni bado anapata mwanga wa kutazama nyumba mbili tatu. Wauzaji nao wanajua kwamba nyumba iliyozungukwa na majani mabichi huvutia kuliko iliyozungukwa na tope la theluji. Ndio msimu ambao katika jamii zetu zinazozungumza Kiswahili huko Columbus, Minneapolis, Houston, Louisville na Portland ya Maine, simu za ndugu na marafiki hugeukia jambo moja: tununue sasa, au tusubiri?

Makala hii ni ya anayejiuliza swali hilo, hasa anayetafuta nyumba yake ya kwanza. Maoni yangu nayasema mapema. Sioni dalili ya bei kuporomoka nchi nzima, wala ya riba kurudi ilikokuwa mwaka 2021. Anayesubiri yote mawili huenda akalipa kodi ya pango miaka mingi. Lakini sioni pia sababu ya mtu kukurupuka kwa hofu kwamba nyumba zitaisha. Mnunuzi wa leo ana nafasi ya kujadiliana ambayo mnunuzi wa mwaka 2021 hakuwa nayo kabisa. Anayeitumia vizuri ni yule aliyeanza kuandaa karatasi zake baridi ikiwa bado kali.

Kwa nini nyumba ni chache

Januari 2021, wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ulishuka hadi asilimia 2.65. Takwimu hizo ni za Freddie Mac, shirika ambalo limekuwa likikusanya viwango vya riba tangu 1971, na riba haijawahi kushuka chini ya hapo. Watu walikimbilia kununua, na waliokuwa na mikopo ya zamani wakaibadilisha ili wapate riba nafuu. Kisha mfumuko wa bei ukapanda, Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba yake Machi 2022, na ilipofika Oktoba 2023 mkopo wa aina ileile ulikuwa asilimia 7.79.

Chukua mkopo wa dola 300,000. Kwa riba ya asilimia 2.65, rejesho la kila mwezi, bila kodi wala bima, ni kama dola 1,209. Kwa asilimia 7.79 ni kama dola 2,157. Nyumba ni ileile, vyumba ni vilevile, na tofauti inakaribia dola 950 kila mwezi.

Sasa fikiria wewe ndiye mwenye mkopo wa asilimia 2.65. Watoto wamekua, unatamani chumba cha nne. Ukiuza, nyumba ya pili utaikopea kwa riba ya leo. Wengi wamepiga hesabu hiyo wakaamua kubanana walipo. Nyumba zao hazikuja sokoni, na kijana anayeanza maisha hakuwa na cha kununua. Mwaka 2021 ziliuzwa nyumba milioni 6.12 zilizowahi kukaliwa. Mwaka 2024 ziliuzwa milioni 4.06 tu, idadi ndogo kuliko zote tangu 1995.

Hapo ndipo penye jibu la wanaoshangaa kwa nini bei haikuanguka wakati wanunuzi walipokimbia: wauzaji walikimbia nao. Juni 2025 bei ya kati ya nyumba zilizowahi kukaliwa ilivuka dola 430,000, ikaweka rekodi.

Wenzetu waliokuwa hapa mwaka 2008 hukumbusha kwamba nyumba ziliwahi kupoteza zaidi ya robo ya thamani yake kati ya 2006 na 2012, na kwamba kila mtu wakati ule naye alisema haiwezekani. Wana haki ya kuwa waangalifu. Ila mikopo mingi ya wakati ule ilitolewa bila kuthibitisha kipato cha mkopaji. Riba ilianza ndogo, ikaruka baada ya miaka miwili mitatu. Na nyumba zilijengwa kuliko mahitaji. Sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 inamtaka mkopeshaji athibitishe kwamba mkopaji anaweza kulipa, na wenye nyumba wengi wa leo wana riba isiyobadilika hadi mwisho wa mkopo. Kwa hiyo tukio la kuporomoka kwa soko zima silitarajii. Familia moja moja inaweza kupoteza nyumba mwaka wowote, na hilo halihitaji soko kuporomoka: inatosha mtu mmoja mwenye kipato augue au apunguziwe saa za kazi.

Riba: usikimbilie vichwa vya habari

Benki Kuu ikitangaza kwamba imepunguza riba, siku hiyohiyo ujumbe huzagaa kwenye makundi ya WhatsApp: nyumba sasa ni rahisi. Tazama kilichotokea. Septemba 2024 Benki Kuu ilipunguza riba yake kwa nusu asilimia, kisha ikapunguza tena mara mbili kabla mwaka haujaisha. Riba ya mikopo ya nyumba, badala ya kushuka, ilipanda kutoka karibu asilimia 6.1 mwishoni mwa Septemba hadi kuvuka asilimia 7 katikati ya Januari 2025. Mkopo wa miaka 30 haufuati moja kwa moja riba ya Benki Kuu. Unafuata zaidi faida ambayo wawekezaji wanaidai kwenye hati fungani za serikali za miaka 10, na wawekezaji hao wanatazama mfumuko wa bei wa miaka ijayo na madeni ya serikali. Mwaka 2025 Benki Kuu ilipunguza mara tatu tena, na safari hii mikopo ya nyumba ilimaliza mwaka ikiwa karibu na asilimia 6.2.

Riba utakayopewa wewe inategemea pia rekodi yako ya mikopo, kianzio chako na mkopeshaji uliyekwenda kwake. Ndiyo maana nasisitiza: usiende kwa mmoja. Nenda kwa watatu, mmoja wao akiwa chama cha akiba na mikopo cha eneo lako. Ukishaomba mkopo, kila mmoja analazimika kukupa ndani ya siku tatu za kazi fomu ya kurasa tatu iitwayo Loan Estimate. Fomu hiyo ina mpangilio uleule kila mahali, kwa hiyo unaweza kuziweka sambamba mezani na kulinganisha mstari kwa mstari. Ukurasa wa pili, sehemu A, ndipo penye ada za mkopeshaji mwenyewe. Hapo ndipo utaona kama ile riba ya chini uliyosifiwa imenunuliwa kwa fedha yako: pointi moja ni asilimia moja ya mkopo, yaani dola 3,000 kwenye mkopo wa dola 300,000, unazilipa mwanzoni. Usiogope kwamba kuulizia kwa wakopeshaji watatu kutaharibu rekodi yako. Maombi ya mkopo wa nyumba yaliyofanywa ndani ya siku 45 huhesabiwa kama ombi moja.

Soko halifanani kila jimbo

Texas na Florida zilijenga nyumba nyingi mpya, na sasa zina nyumba nyingi sokoni kuliko kabla ya janga la Korona. Huko Austin, ambako zilipaa hadi 2022, bei zimekuwa zikishuka tangu hapo. Katika maeneo hayo, kampuni za ujenzi hukubali kumlipia mnunuzi sehemu ya gharama za kukamilisha mauzo au kumpunguzia riba, alimradi aulize. Katika majimbo ya kaskazini mashariki na katikati ya nchi, ujenzi umekuwa mdogo, nyumba nzuri ya bei ya wastani hugombaniwa, na aliye Columbus au Portland asitarajie punguzo ambalo binamu yake wa Dallas amelipata.

Lakini binamu wa Dallas naye ana mzigo wake. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha za shule na huduma za mitaa inatoka kwenye kodi ya majengo. Bima ya nyumba nayo imepanda sana katika majimbo ya vimbunga, mvua ya mawe na moto wa nyika. Piga hesabu hivi. Nyumba ya dola 330,000, kianzio dola 30,000, mkopo dola 300,000 kwa riba ya asilimia 6.5: rejesho ni kama dola 1,896. Tuseme kodi ya majengo ni asilimia 2 ya thamani, hizo ni dola 550 kwa mwezi. Tuseme bima ni dola 300. Jumla imefika dola 2,746. Nyumba ya bei hiyohiyo mahali penye kodi ya asilimia 1 na bima ya dola 150 inakugharimu dola 2,321. Dola 425 kila mwezi, na tangazo la nyumba limeandika bei ileile.

Bado hujaongeza ada ya chama cha wenye nyumba, kile wanachokiita HOA, kama mtaa unacho. Na ukitoa kianzio kilicho chini ya asilimia 20 ya bei, utalipia bima inayomlinda mkopeshaji, siyo wewe. Kwenye mikopo ya kawaida unaweza kuomba bima hiyo iondolewe deni likishuka hadi asilimia 80 ya thamani ya awali, na kwa sheria hujiondoa yenyewe deni likifika asilimia 78. Kwenye mkopo wa FHA, yaani unaodhaminiwa na serikali, ambao kianzio chake kinaweza kuwa asilimia 3.5 kwa mwenye alama 580 au zaidi kwenye rekodi yake ya mikopo, anayetoa kianzio chini ya asilimia 10 hulipa bima hiyo muda wote wa mkopo. Fahamu hilo kabla hujavutwa na kianzio kidogo.

Kiasi ambacho mkopeshaji yuko tayari kukupa si kiasi unachoweza kukibeba. Yeye anasoma madeni yaliyoandikwa: gari, kadi, mkopo wa chuo. Haoni ada ya shule ya mdogo wako Kigoma, wala dawa za mama Mombasa, wala nyumba uliyoianza Bukavu ambayo bado iko kwenye linta. Fedha hizo hazimo kwenye rekodi yako, lakini zinatoka mfukoni mwako kila mwezi. Kabla ya kwenda kwa mkopeshaji, keti na mwenzi wako mwandike kile mnachotuma nyumbani kama deni la kwanza, kisha mtafute nyumba inayotosha kwenye kinachobaki. Na mjaribu: kwa miezi mitatu, ile tofauti kati ya kodi ya pango ya sasa na rejesho lijalo iwekeni pembeni. Ikiwashinda kabla ya kununua, itawashinda baada ya kununua.

Fedha za mchezo na taarifa ya benki

Hapa ndipo watu wetu wengi hukwama, nao wana fedha halali kabisa. Dada anapokea zamu yake ya upatu, yaani mchezo, dola 12,000, anaziingiza benki Jumatatu na Jumatano anaomba mkopo wa nyumba. Mkopeshaji ataomba taarifa za benki za miezi miwili, hati za mshahara za siku 30 na fomu za kodi za miaka miwili. Akikuta dola 12,000 zimeingia kwa mkupuo kwenye akaunti inayopokea mishahara tu, atauliza zimetoka wapi. Ukimjibu "ni zamu yangu ya mchezo", kwake huo unaweza kuwa mkopo usioandikwa mahali, na fedha hiyo itakataliwa isihesabiwe kwenye kianzio.

Dawa yake ni muda na maandishi. Fedha ikiingia mapema, ikapita kwenye taarifa mbili kamili za benki, kwa kawaida haiulizwi tena. Kama zamu yako ni ya masika, zungumza na wenzako wakupe ya mapema. Vikundi vingi hukubali mtu akieleza kwamba ananunua nyumba. Michango yenu na ipite benki, siyo mkononi, na mwenye kutunza daftari aandike majina, tarehe na viwango. Ndugu anayetaka kukusaidia kianzio na aandike barua ya zawadi inayosema uhusiano wenu, kiasi, na kwamba haidai irudishwe, aambatanishe na ushahidi wa benki yake. Akiwa anaidai, isiandikwe zawadi. Kuandika uongo kwenye maombi ya mkopo ni kosa la jinai.

Kuna ushauri mmoja mbaya unaozunguka, nao umewaingiza watu matatani: "Kaka, usiweke zote mara moja, zigawe ziwe chini ya elfu kumi." Benki huripoti serikalini fedha taslimu zinazozidi dola 10,000. Ripoti hiyo ni ya kawaida na haina madhara kwa mwenye fedha halali. Kuzigawa makusudi ili ripoti isiandikwe ndiko kosa la jinai, hata kama kila senti ni jasho lako.

Kipato nacho kina kanuni zake. Saa za ziada hospitalini au kazi ya pili huhesabiwa zikiwa na historia, mara nyingi ya miaka miwili. Dereva wa lori mwenye gari lake hupimwa kwa faida iliyobaki baada ya matumizi aliyoyatoa kwenye fomu za kodi, siyo kwa hundi anazopokea. Wapo madereva wanaoingiza fedha nyingi kwa mwaka ambao karatasi zao zinaonyesha kipato cha mtu wa nusu siku, kwa sababu kila tairi na kila lita ya dizeli imeondolewa. Wewe ukiwa mmoja wao na unataka nyumba mwaka ujao, zungumza na mhasibu wako kabla ya tarehe 15 Aprili mwaka huu. Na kuanzia siku utakapoomba mkopo mpaka siku ya funguo, usinunue gari, usimdhamini mtu, usifungue kadi ya dukani.

Kama huna rekodi ya mikopo kabisa, lipa kodi yako ya pango kwa njia inayoacha alama benki. Tangu 2021 shirika la mikopo ya nyumba la Fannie Mae huweza kuzingatia malipo ya pango yaliyolipwa kwa wakati linapomtathmini mnunuzi wa kwanza.

Kuhusu vibali: sheria zilibadilika 2025. Tangu tarehe 25 Mei mwaka huo, mikopo ya FHA haitolewi tena kwa wakazi wasio wa kudumu, ambao awali wakiwa na kibali cha kazi walikubaliwa. Wenye kadi ya kijani na raia hawakuguswa. Aliyeambiwa na jirani "mimi niliipata na kibali tu" aulize jirani aliipata lini. Baadhi ya benki na vyama vya mikopo vina mikopo yao wenyewe kwa watu hao, kwa kianzio kikubwa zaidi na mara nyingi riba kubwa zaidi.

Waislamu wanaojiepusha na riba wana njia, nazo si mpya: Guidance Residential imekuwa ikitoa huduma hiyo tangu 2002, na zipo taasisi nyingine. Wewe na taasisi mnanunua nyumba kwa ubia, nawe unanunua sehemu yake kidogo kidogo huku ukilipia matumizi ya sehemu ambayo bado ni yake. Malipo ya mwezi hukaribiana na ya benki za kawaida, kwa hiyo hesabu za kodi na bima nilizoeleza zinakuhusu vilevile. Soma mkataba, uliza nini kitatokea ukichelewa kulipa, na umwonyeshe mwanachuoni unayemwamini kabla ya kutia saini.

Wakala wako

Tangu tarehe 17 Agosti 2024, kufuatia usuluhishi wa kesi dhidi ya chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba, wakala mwanachama wa mtandao wa matangazo ya nyumba hawezi kukutembeza kwenye nyumba kabla hujasaini naye makubaliano yanayotaja malipo yake. Ada hiyo inajadiliwa. Hakuna kiwango kilichowekwa na sheria. Unaweza kusaini makubaliano ya nyumba moja au ya wiki moja kwanza, umwone anavyofanya kazi. Usikubali kufungwa miezi sita siku ya kwanza mliyokutana, hata akiwa mtu wa kwenu na mnasali pamoja. Kwenye ofa yako unaweza pia kuomba muuzaji amlipe.

Aprili ni mwezi wa kukumbuka Sheria ya Makazi ya Haki, iliyosainiwa tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Inakataza kukunyima nyumba au mkopo, au kukusukumia mtaa fulani, kwa sababu ya rangi yako, dini yako, taifa ulilotoka au kuwa na watoto. Wakala akikuambia "ninyi mtapenda kule, wapo watu wenu wengi" huku akikwepa kukuonyesha mtaa uliomwomba, andika tarehe na maneno yake. Malalamiko hupelekwa wizara ya makazi, HUD, ndani ya mwaka mmoja. Wizara hiyohiyo huidhinisha washauri wa nyumba, wengi wao bure au kwa ada ndogo. Namba ya kuwatafuta ni 800-569-4287, na unaweza kuomba mkalimani.

Shuka besimenti kwanza

Msimu huu una faida ambayo muuzaji haitangazi: theluji inapoyeyuka na mvua za Aprili zinapoanza, nyumba yenye tatizo la maji haina pa kulificha. Kabla ya kutazama jiko, shuka besimenti. Vuta pumzi; uvundo hujulikana kwa pua kabla ya macho. Tazama kuta za zege kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Unga mweupe kama chumvi ni madini yaliyoachwa na maji yaliyopenya yakakauka. Inama uangalie chini ya tangi la maji ya moto na miguu ya tanuri la joto: kutu pale chini kabisa inasema maji yaliwahi kusimama. Ukuta mmoja ukiwa na rangi mpya na nyingine tatu zikiwa na ya zamani, uliza kwa nini. Kwenye kona huenda kuna shimo lenye pampu. Omba ruhusa umimine ndoo ya maji uone kama pampu inawaka. Halafu toka nje, uzunguke nyumba. Ardhi inapaswa kuteremka ikitoka kwenye msingi, na mabomba ya mvua ya paa yamwage maji mbali nao. Kama mvua inanyesha siku hiyo, usiahirishe. Ndiyo siku bora ya kwenda.

Hayo ni macho yako. Mkaguzi mwenye leseni unamlipa dola mia kadhaa, naye hupanda hadi darini. Kwa nyumba ya zamani ongeza kamera ya bomba la maji taka, kwa sababu mizizi ya miti hulipasua na kulibadilisha ni maelfu ya dola. Omba kipimo cha radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini na kusababisha saratani ya mapafu. Ikifika pikokyuri 4 kwa lita, shirika la mazingira la Marekani linashauri nyumba irekebishwe. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi yenye risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto mdogo. Sheria inamtaka muuzaji aseme anachokijua na akupe siku 10 za kuipima. Mwenye watoto wanaotambaa asiziachie siku hizo.

Kwenye ushindani wa Mei utaambiwa kwamba ofa yako itapendeza ukiacha ukaguzi. Sikushauri. Kama unalazimika kupunguza masharti, bakiza ukaguzi, ukubali kutodai matengenezo madogo, lakini ubaki na haki ya kujitoa na kurudishiwa arubuni yako. Sharti la mthamini nalo libaki kama huna akiba ya ziada: mthamini akisema nyumba ina thamani ya dola 310,000 nawe umekubali 330,000, mkopeshaji atahesabu mkopo kwa 310,000, na zile 20,000 zitatoka mfukoni mwako.

Ofa ikishakubaliwa, angalia wezi wa barua pepe. Huingia kwenye mawasiliano ya wakala au kampuni inayoshughulikia hati za nyumba, hukaa kimya wakisoma, na siku chache kabla ya kusaini hukutumia ujumbe unaofanana kabisa na wa kampuni, wenye namba mpya ya akaunti ya kutumia kianzio. Ukituma, mara nyingi fedha haipatikani tena. Maelekezo yoyote ya malipo yathibitishe kwa kupiga simu, kwa namba uliyopewa siku ya kwanza, siyo iliyoandikwa kwenye ujumbe huo. Mkopeshaji anapaswa kukupa fomu ya mwisho, Closing Disclosure, siku tatu za kazi kabla ya kusaini. Iweke kando ya ile Loan Estimate, na kila namba iliyobadilika idai maelezo.

Kwa waliokwishanunua mwaka jana

Masika ni wakati wa barua za tathmini ya kodi, na wenye nyumba wapya huzitupa wakidhani ni matangazo. Nyumba mpya kabisa mara nyingi hutozwa mwaka wa kwanza kwa thamani ya kiwanja kitupu. Mwaka wa pili hutozwa kwa nyumba nzima, akaunti ya amana ambayo mkopeshaji huitumia kukulipia kodi na bima inapungukiwa, na malipo yako ya mwezi yanaruka kwa mamia ya dola ingawa riba haikubadilika. Uliza ofisi ya kaunti yako sasa, kabla barua haijaja. Majimbo mengi humpunguzia kodi mtu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, lakini sharti uombe. Huko Texas mwisho wa kupeleka maombi hayo ni tarehe 30 Aprili, na wa pingamizi la tathmini kwa kawaida ni tarehe 15 Mei. Ombi ni la bure. Kampuni inayokuandikia barua ikitaka ada ya kukujazia fomu hiyo haitoki kaunti. Nenda kaunti mwenyewe.